Mke Mkubwa Karudi: Hotuba Baada ya Onyesho la Mwisho, Walukuba, Jinja

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu wa Walukuba, akina mama, walimu mliotoka Tororo na Busia, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa sababu viti havikutosha: asanteni kwa kubaki. Pazia limefungwa kwa mara ya mwisho na wengi wenu mna safari. Lakini tangu usiku wa kwanza mmekuwa mkinishika mkono pale mlangoni na kuniuliza jambo lile lile, nami sikutaka kulijibu mguu upande. Mnauliza, kwa nini mizimu? Ada za shule zinatutoa jasho, vijana hawana kazi, na kikundi chenu kinakesha kikitengeneza mchezo wa mke aliyekufa anayerudi kugombana na mke aliye hai. Kwa nini?

Nitajibu kama mtu wa jukwaa. Mchezo huu unachekesha pale tu mzimu unapoaminiwa. Ukiudharau mzimu, kicheko kinakufa papo hapo. Na watu wa Jinja, kuliko watu wa miji mingi ninayoijua, wanajua kukaa na mzimu chumba kimoja bila kuudharau. Hiyo ndiyo sababu nilitaka mchezo huu uchezwe hapa, kwa Kiswahili chetu.

Kwa wale mliosikilizia dirishani mvua ikipiga mabati, nieleze kidogo. Sisi tumeuita *Mke Mkubwa Karudi*, lakini tamthilia yenyewe inaitwa *Blithe Spirit*, na mwandishi wake ni Mwingereza Noël Coward. Aliiandika Mei 1941 kule Portmeirion, Wales, alikokwenda baada ya mabomu ya Wajerumani kuharibu makazi na ofisi yake London. Aliimaliza katika muda wa juma moja tu. Ndani yake yumo Charles Condomine, mwandishi wa riwaya anayeishi Kent na mke wake wa pili, Ruth. Charles anataka kuandika kitabu kuhusu mpandisha mizimu tapeli, kwa hiyo anamwalika mwanamke wa jirani aitwaye Madame Arcati aje aite mizimu nyumbani kwake, ili amwibie ujanja wake. Daktari Bradman na mkewe nao wanaalikwa wapate kucheka. Basi anakuja Elvira, mke wa kwanza wa Charles, aliyefariki miaka saba kabla. Charles peke yake ndiye anayemwona na kumsikia. Elvira anaharibu gari ili mumewe afe amfuate huko aliko, lakini anayeondoka na gari ni Ruth. Ruth anakufa, naye anarudi, na sasa mwanamume ana wake wawili nyumbani, wote marehemu, na wote wana madai.

Mnaona kwamba hatukubadilisha majina. Charles, Ruth, Edith: nikiyaita sasa hivi humu ukumbini watainuka watu zaidi ya kumi. Tulichofanya ni kuihamisha nyumba kutoka Kent kuja kando ya ziwa, na kile kinywaji chao cha jioni tukakifanya waragi kwa ndimu.

Sasa kuhusu mwaka ule wa 1941. Mchezo ulianza Manchester mwezi Juni, na tarehe 2 Julai ukafunguliwa London katika ukumbi wa Piccadilly. Coward mwenyewe alisimulia kwamba watazamaji wa usiku ule walipita juu ya mbao zilizotandikwa kwenye kifusi cha shambulio la karibuni, wakaingia kutazama kichekesho kuhusu kifo. Fikirini hilo. Mtu amepoteza jirani juma lililopita, anakanyaga matofali ya nyumba iliyoanguka, anakata tiketi kwenda kumcheka mwanamume anayesumbuliwa na marehemu mkewe. Graham Greene, aliyekuwa akihakiki michezo wakati huo, aliona ni kukosa adabu. Watu hawakumsikiliza. Mchezo ulikwenda London maonyesho 1,997, vita vikaisha ukiwa bado uko jukwaani.

Sisi hatukukanyaga kifusi. Lakini Machi 2020 kumbi zetu zilifungwa kwa sababu ya korona, na burudani hazikufunguliwa tena hadi Januari 2022, na katika muda huo tulizika. Tulizika kwa watu wa kuhesabiwa. Wengine tulizika wakati watu wa afya wamevaa yale mavazi yao meupe, jeneza likashushwa haraka, bila kukesha, bila ngoma, bila jirani kuja na sufuria. Mtu aliyezikwa hivyo hajaagwa. Namtazama kila mmoja wenu humu ndani na najua wengi mna mtu ambaye mngetamani arudi jioni moja tu, hata kama akirudi ni kwa ugomvi. Elvira alifariki akicheka. Ndivyo Coward alivyoandika: alikuwa anapona nimonia, akasikiliza kipindi cha redio ya BBC, akacheka mpaka moyo ukasimama. Amekufa sentensi yake haijaisha. Ndiyo maana akiingia haingii na moto wala minyororo. Anaingia na kuketi kwenye kiti chake cha zamani na kuuliza ni nani amebadilisha maua.

Naomba mniruhusu nikae zaidi kwa Madame Arcati, kwa sababu kwake ndiko tulikofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote.

Sisi watu wa maigizo tuna mganga wetu wa jukwaani. Mnamjua. Anaingia na vibuyu, simbi shingoni, macho ameyageuza, anadai kuku mweupe na fedha, na mwishoni polisi wanamkamata. Tumemcheza tangu mashindano ya shule za msingi, na hachoshi kwa sababu ni rahisi kumcheka. Dada yetu aliyemcheza Arcati, ambaye kazi yake ni ualimu, alikuja mazoezini na mganga huyo tayari mfukoni, sauti nzito, mikono inatetemeka. Wenzake wote walianguka kwa kicheko. Nilimwomba amwache kabisa, na tukaanza upya.

Someni maandishi yenyewe. Arcati hatapeli mtu. Anafika kwa baiskeli usiku, peke yake, kwenye giza, na hana wasiwasi. Anakula kwa hamu. Hali nyama nyekundu kabla ya kazi. Ana mzimu wa mtoto anayempelekea habari kutoka upande wa pili, anaitwa Daphne, na anamlalamikia Daphne kwa mafua na ukaidi wake. Anaizungumzia kazi yake kama fundi cherehani anavyozungumzia uzi: huu unakatika, huu haufai kwa kitambaa kizito, leo hali ya hewa mbaya. Katika nyumba ile nzima yeye ndiye mtu pekee anayejua anachofanya na anayekiheshimu. Waliomwalika ndio waongo. Charles ameita wafu ili apate sura moja ya riwaya. Huyo ndiye wa kuchekwa, na mchezo wote unamfuata yeye na kosa lake hilo.

Imeandikwa kwamba Margaret Rutherford, aliyemcheza Arcati mwaka ule wa 1941 na tena katika filamu ya 1945, alisita kwanza kuichukua nafasi hiyo kwa sababu hakutaka kuwadhihaki wanaoamini mambo hayo. Alipokubali, alimcheza bila mzaha hata kidogo. Watu wakamcheka hadi machozi na bado wakampenda. Nilimsimulia dada yetu habari hiyo. Siku iliyofuata alikuja akaomba baiskeli.

Tukaipata ile nyeusi nzito ya mzee wetu wa hapa, yenye kiti cha nyuma chenye sponji, iliyobeba abiria miaka yote kabla ya pikipiki kuzichukua barabara za Busoga. Mlimwona akiiingiza jukwaani, akaiegemeza, akajipangusa vumbi la magoti, akasalimia. Kwa sauti yake ya kawaida. Ile sauti anayoitia watoto orodha asubuhi. Kisha akaomba taa zipunguzwe, na ukumbi huu, ambao sijawahi kuuona ukinyamaza hata kwa wimbo wa taifa, ukanyamaza. Usiku wa pili, pale upande wa kushoto, mama mmoja alisema kwa sauti: "Usimwite, mwanangu. Hujui atakuja nani." Hakuna aliyemcheka. Arcati hakuyumba, aliendelea. Mama yule alikuwa ameuelewa mchezo kuliko Charles mwenyewe.

Na msikubali kuambiwa kwamba Waingereza walicheka kwa sababu wao hawaamini. Mwaka 1944, mchezo huu ukiwa bado unaendelea London, mwanamke mmoja aitwaye Helen Duncan, aliyekuwa akiita mizimu mbele ya watu, alihukumiwa kifungo cha miezi tisa kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735. Taifa lililokuwa likirusha ndege za vita lilimpeleka mwanamke mahakamani kwa sheria ya karne ya 18. Sheria hiyo waliifuta mwaka 1951, na miaka sita baadaye serikali yao ya kikoloni ikatuwekea sisi Waganda wa Uganda nzima Sheria ya Uchawi ya 1957.

Hapa Jinja sina haja ya kueleza zaidi. Mnaijua Bujagali. Bwawa lile la megawati 250 lilizinduliwa mwaka 2012, lakini kabla ya zege kumwagwa, watu wa mradi walilazimika kuketi na wazee wa mila kwa sababu ya roho ya Budhagaali, ambayo Wasoga wanasema makao yake ni yale maporomoko. Matambiko yalifanyika. Wapo waliokubali na wapo waliokataa kabisa. Maporomoko sasa yako chini ya maji. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema huu ni mji ambamo wahandisi, wenye mabenki na watu wa mizimu waliwahi kuwa na ajenda moja mezani. Nani basi atatufundisha sisi kumchukulia Arcati kwa uzito?

Niligusie jambo la viongozi wa dini, kwa sababu limezungumzwa sana sokoni na si vizuri libaki huko. Ni kweli sheikh mmoja na mchungaji mmoja walikuja kwenye mazoezi. Hawakuja kwa shari. Waliketi, wakanywa chai, wakaomba kitu kimoja: kwamba mwishoni mizimu ifukuzwe kwa maombi, watoto wasirudi nyumbani na hofu. Niliwasikiliza kwa heshima zote, na nilikataa, na sababu nilizowapa ni hizi ninazowapa ninyi. Filamu tunazotazama vibandani zinamaliza hivyo kila siku: mzimu ni shetani, mchungaji ananyanyua mkono, moshi unatoka, kwisha. Elvira si shetani. Ni mke. Ana wivu, ana ubinafsi, anapenda starehe, amekosa subira, na amemuua mtu kwa kutaka kumuua mwingine. Ukimfanya shetani umemwondolea lawama Charles, kwa sababu hakuna anayemuuliza mwanamume aliishije na shetani. Tunapaswa kumuuliza aliishije na mkewe. Mchungaji alikuja usiku wa tatu na kukaa mstari wa mbele. Nawashukuru wote wawili, aliyekuja na ambaye hakuja.

Kuhusu mavazi. Coward aliandika kwamba kila kitu cha Elvira kiwe cha kijivu: nywele, ngozi, nguo, mikono. Kwetu palizuka mjadala mkali. Baadhi ya wenzangu walitaka tumvishe lubugo, kitambaa cha magome ya mutuba, ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima, na ambacho kwa Waganda wa Buganda ndicho anachozongewa marehemu. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Lakini lubugo ni kitambaa cha kaburi, na mtu anayekiona hawezi kucheka, wala hapaswi. Tukaamua avae gomesi, lile vazi la heshima la akina mama wa kwetu. Gomesi ya hariri ya kijivu, mabega yamesimama kwa mtindo wa miaka ile aliyokuwa hai, mshipi umefungwa kwa maringo, na mikono na uso tukampaka majivu yaliyochekechwa. Alipoingia akina mama walishangilia. Mmoja alisema, "Huyo amekuja kudai nyumba yake." Ndivyo ilivyo hasa: kwetu mwanamke hajifungi gomesi kwa ajili ya kutisha watu. Anaivaa akienda kwenye shughuli.

Sasa niseme kuhusu Kiswahili, na hapa niwie radhi ikiwa nitapandisha sauti.

Jukwaa la Uganda lina historia ya kujivunia. Wycliffe Kiyingi alianzisha chama chake cha waigizaji mwaka 1954 na akatupa tamthilia kwa Kiluganda. Byron Kawadwa aliandika na kuongoza kwa Kiluganda, akawa mkuu wa Ukumbi wa Taifa pale Kampala, na mwaka 1977 watu wa Amin wakamchukua wakamuua. Robert Serumaga na John Ruganda waliandika kwa Kiingereza, na majina yao yanasomwa hadi leo. Kiswahili kiko wapi? Kwenye karatasi kipo. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Matangazo yote hayo, na mtu wa Kampala ukimsemesha Kiswahili bado anageuka kuangalia kama una bunduki.

Ana sababu. Huu ni mji wa kambi ya jeshi, tunajua. Kiswahili ambacho wazazi wetu wengi walikisikia kilikuwa cha vizuizi barabarani: toa kitambulisho, lala chini, weka mikono juu. Miaka ya mwanzo ya 1980 misako ya askari iliitwa kwa maneno ya Kiswahili, *panda gari*, na waliopandishwa si wote walirudi. Mama mmoja wa Bugembe, ambaye mumewe alipandishwa gari siku zile, alikuja usiku wa kwanza kwa sababu mjukuu wake anapiga ngoma kwenye kikundi. Aliketi nyuma karibu na mlango. Baadaye alinishika bega akaniambia kwamba hakuwahi kujua watu wanaweza kugombania mapazia kwa Kiswahili. Kwamba mwanamke anaweza kumwambia mwenzake kwa Kiswahili, hiki kiti ni changu, nilikinunua mimi. Alicheka, aliniambia, na alipocheka alishtuka.

Lakini Walukuba imekuwa na Kiswahili kingine miaka yote hiyo. Watu walikuja kufanya kazi viwandani, enzi zile za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 na kiwanda cha nguo cha Nyanza, na mtaa huu ukawapokea. Mlugbara alipakana ukuta na Mjaluo, Mteso akachota maji na Mgisu, Mwacholi akaoa kwa Msamia, na walipogombana, walipobembeleza, walipokopeshana chumvi, walitumia Kiswahili. Kina Kiluganda na Kisoga ndani yake, hakina ngeli zote za vitabuni, na walimu mtanisamehe, sikukisafisha chote. Ruth anasema Kiswahili cha shule kwa sababu ndivyo alivyo. Elvira anasema cha Walukuba. Wakianza kupigana kila mmoja anamsahihisha mwenzake, na hilo halimo kwenye maandishi ya Coward, lililetwa na waigizaji wenyewe mazoezini nami nikaliacha.

Ninyi wa vikundi mmeniomba siri za ufundi. Ziko mbili zenye maana.

Ya kwanza ni macho. Chekesho lote la kipindi cha kwanza linasimama juu ya macho ya Ruth. Charles anamwambia Elvira afunge mdomo, Ruth anadhani ameambiwa yeye. Watazamaji wataamini hilo ikiwa tu Ruth hamwoni Elvira kweli. Mwigizaji mchanga anadhani kutomwona mtu ni kumkwepa, kwa hiyo anageuza uso, anaangalia juu, anaangalia pembeni, na kila akikwepa anatuambia kwamba anamwona. Tulichora alama za chaki sakafuni pale anaposimama Elvira, tukamweka Ruth apitishe macho juu ya alama hizo mara kwa mara, polepole, asisite, avae miwani, achukue kikombe, amtazame usoni Elvira huku anatafuta funguo. Ilituchukua muda mrefu kuliko mistari yenyewe. Usiku mmoja Elvira alikaribia kabisa, pua kwa pua, akampulizia Ruth uso, na Ruth akaendelea kuhesabu fedha za soko. Mlipiga kelele mpaka tukasimama.

Ya pili ni nyuzi. Mwishoni Charles anaondoka nyumbani, wake zake hawaonekani tena hata kwake, lakini wamo, na nyumba inaanza kuvunjika: picha inaanguka, rafu inateremka, chungu kinapasuka. Hatuna mitambo. Tulikwenda Masese kwa wavuvi, wakatupa uzi wa kuvulia sangara, ule mnene usioonekana taa ikiwa pembeni, na mvuvi mmoja akaja akatufundisha fundo ambalo linashika ukivuta polepole na kufyatuka ukivuta kwa nguvu. Kila uzi ulipita kwenye pete ya dirishani kwenda nyuma ya pazia, na kijana mmoja alikaa huko na nyuzi zote mkononi, kila moja na rangi yake ya utepe. Kijana huyo hamkumwona hata mara moja. Yuko pale nyuma, mpigieni makofi.

Nimemwacha Edith hadi sasa kwa makusudi.

Edith ni msichana wa kazi wa nyumba ile. Katika maandishi anaingia na kutoka na sinia, anakimbia, Ruth anamkemea atembee, watu wanacheka, basi. Michezo mingi inamtumia hivyo hadi dakika za mwisho, ambapo inagundulika kwamba aliyeivuta mizimu ndani ya nyumba hakuwa Arcati wala Charles. Alikuwa yeye, bila kujijua. Mwenye uwezo alikuwa jikoni muda wote, na hakuna aliyemuuliza chochote isipokuwa kama chai iko tayari.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilijua ndipo mchezo wetu ulipo. Nani asiye na Edith? Anatoka Karamoja, anatoka Bweyale, anatoka upande wa Congo, ana miaka kumi na minane na wakati mwingine hana, analala jikoni au chumba kimoja na watoto, anajua nani amegombana na nani na nani amerudi saa ngapi. Anajua marehemu wa nyumba hiyo kwa sababu ndiye anayefuta picha zao vumbi. Na lugha anayosema na bosi wake, wakitoka makabila mbalimbali, mara nyingi ni Kiswahili. Nikamtoa nyuma ya pazia. Nikamweka kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, anaonekana nusu, karibu mchezo mzima. Hana mstari hata mmoja wa ziada. Anapanga vyombo, anachambua mchele, anafuta vikombe. Lakini kila mara kabla Elvira hajaingia, Edith anaacha kufuta kikombe. Anakaa hivyo kidogo. Kisha Elvira yumo.

Wachache sana mliliona. Mlikuwa mnawatazama wakubwa sebuleni. Usiku wa pili niliketi nyuma ya binti aliyekuja kumbebea bosi wake mtoto. Mapumziko yalipofika alimwinamia mwenzake akamwambia, "Ni huyu wa jikoni anayewaita." Hakuna mhakiki wala mwalimu wa fasihi aliyeliona mapema namna hiyo. Nilitaka kumwita jukwaani usiku ule ule. Bosi wake, naomba uniruhusu niseme naye. Tuna nafasi kikundini, na mazoezi ni Jumapili alasiri.

Walimu wa Tororo na Busia, mmesema mnautaka mchezo huu uende kwenu. Nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kibali cha tamthilia kiombeni wenyewe kwa wenye haki na muanze mapema, majibu huchukua muda. Tafsiri tutawapa, lakini ugomvi wa Ruth na Elvira uandikeni upya kwa Kiswahili cha mtaani kwenu, maana watu wa Busia hawagombani kama watu wa Walukuba. Nyuzi na tepe tutawaazima pamoja na kijana wa kuzivuta. Vyungu nunueni vya mfinyanzi, vya plastiki havitoi sauti. Na mkianza kuchagua waigizaji, msianze na Charles. Mtafuteni Edith kwanza, mkae naye jikoni siku kadhaa, ndipo muwatafute wengine wa kumzunguka. Binti yetu aliyemcheza hapa amekubali kuja kuwasaidia wakati wa likizo, wazazi wake wameridhia, na nauli yake italipwa na kikundi.

Tupeni tarehe mapema. Tutakodi lori, tutakuja.